Kabla ya usiku wa Isiro, Anuarite alikuwa mwalimu

Kila mwaka ikifika tarehe 1 Desemba, huku kwetu Kirumba, na kwa majirani wa Kayna, Lubero, Butembo mpaka Beni, watu wanalisikia jina la Anuarite. Misa inasomwa, kwaya zinaimba, na wasichana wanaoitwa Anuarite wanapewa pongezi za siku ya jina lao. Muulize mtoto yeyote wa katekisimu, atakuambia namna alivyokufa: waasi, Isiro, usiku, kolonele, bunduki. Hiyo habari inajulikana. Lakini muulize mtoto huyo huyo: asubuhi za kawaida, wakati hakuna vita, Anuarite alikuwa anafanya kazi gani? Wengi wananyamaza, na wakubwa pia.

Alikuwa mwalimu. Alikuwa anashika chaki mbele ya watoto wa masomo ya msingi, kule Bafwabaka, ndani ya msitu wa upande wa Wamba. Na mpaka afike mbele ya ubao, alipita njia ambayo wasichana wengi wanaotusikiliza wanaijua vizuri: baba aliyeondoka nyumbani, mama aliyebaki na mabinti peke yake, masomo yasiyo rahisi, na jamaa iliyotaka arudi kusaidia. Tumeona ni vema leo tusimulie njia hiyo. Kifo chake tutakifikia, lakini hatutaanzia hapo.

Ndugu msomaji, tuweke kwanza mahali. Ukitoka Kirumba unapita Lubero, Butembo na Beni, unaendelea Mbau, Eringeti, Komanda, halafu unageuka upande wa magharibi: Mambasa, Epulu, mpaka Nia-Nia. Hapo unapanda kaskazini kuelekea Wamba na Isiro. Ni msitu pande zote, na mvua ikinyesha kamyo zinalala njiani. Wafanyabiashara wa Butembo wanaijua barabara hiyo kuliko sisi. Wamba ni inchi ya Wabudu, na ndipo alipozaliwa huyu binti, tarehe 29 Desemba 1939, katika mtaa wa Matali.

Baba yake aliitwa Amisi, mama yake Isude. Mtoto alipewa jina la Nengapeta. Wanaojua kibudu wanalieleza hivi: mali inadanganya. Alikuwa wa ine kuzaliwa, na nyumba ile ilipata watoto sita. Wote sita, mabinti. Hakuna kijana hata mmoja.

Hilo, kwa Amisi, lilikuwa shida. Alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la wakoloni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wabelgiji walipeleka askari Wakongomani mbali sana, na Amisi akajikuta Palestina, inchi ambayo wenzake walikuwa wanaisikia tu kanisani. Kutoka huko akaandika barua kwa bibi yake. Barua ya askari aliye vitani kawaida inangojewa kwa furaha. Hii ilimwomba Isude akubali mwanamke mwingine aingie nyumbani, sababu yeye alitaka mtoto mwanaume na Isude alikuwa anamzalia wasichana tu. Mwishoni alimwacha Isude, akaoa mwingine.

Tusipite haraka hapa. Huku kwetu ni mara ngapi tumesikia habari ya namna hiyo? Bwana anahesabu watoto, anakuta ni mabinti, anaanza kulala kwingine. Mama anabaki na shamba, na deni, na maneno ya mashemeji. Watoto wanajua sababu, hata kama hakuna mtu anayewaambia. Nengapeta alikuwa mtoto mdogo, lakini alielewa kwamba baba yake ameondoka sababu yeye na dada zake ni wasichana. Wanaosimulia maisha yake wanasema jambo lile lilimuuma sana, na kwamba alipokua alimsamehe baba yake. Neno samehe ni fupi kuandika, lakini lilimchukua miaka.

Mwaka 1943 Isude alibatizwa pamoja na baadhi ya mabinti zake. Nengapeta akapata jina la ubatizo, Alphonsine. Sasa ana majina mawili. La tatu lilikuja kwa kosa.

Siku alipopelekwa kuandikishwa kwenye masomo ya masista, dada yake mmoja alikuwa naye. Dada huyo ndiye aliyeitwa Anuarite. Sista aliyekuwa anaandika, Mzungu asiyezoea majina ya Kibudu, alisikia majina mawili, akachanganya, akaandika jina la dada mahali pa jina la mdogo. Ikabaki vile. Wazazi wengi wa Lubero watacheka hapa, kwani wanajua uchungu wa kubadilisha herufi moja tu kwenye buku la masomo au kwenye cheti cha kuzaliwa: unakwenda, unarudi, unalipa, unaambiwa rudi kesho. Hakuna aliyerudi kusahihisha. Tangu siku ile Nengapeta akawa Anuarite kwa mwalimu, kwa wenzake, na mwishoni kwa dunia nzima. Maana ya jina hilo, vile inavyoelezwa, ni mtu anayecheka vita, asiyeijali.

Sasa, masomo ya wakati ule yalikuwa namna gani kwa mtoto msichana? Karibu yote yalikuwa mikononi mwa misheni, na serikali ya wakoloni ilikuwa inazisaidia kwa feza. Kwa wavulana walifungua njia kadhaa: karani, msaidizi wa daktari, fundi, mwalimu, padri. Kwa wasichana njia ilikuwa nyembamba. Wengi walifundishwa kushona, kupika, kufua na kutunza mtoto, ili wawe bibi wazuri wa wale wavulana waliosoma. Hesabu na kusoma vilikuwepo, lakini kidogo. Watu wazima wenyewe, Wazungu kama Waafrika, waliona kwamba inatosha. Msichana aliyetaka kuendelea alikuwa na milango michache sana: kusaidia wagonjwa, kufundisha watoto wadogo, au kuwa sista. Na mara nyingi milango hiyo ilikuwa mmoja, sababu sista ndiye aliyefundisha na ndiye aliyetunza wagonjwa.

Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba Anuarite alikaa chini akachagua kati ya kazi kumi. Aliona masista wakifundisha, akapenda maisha yao yote pamoja: sala, kazi, darasa. Alipoomba kuingia kwao, mama yake alikataa. Mtu anaweza kumlaumu Isude, lakini mimi sioni namna. Mama aliyeachwa na bwana yake anategemea mikono ya mabinti zake. Binti akiolewa, kuna mahari, kuna wakwe, kuna wajukuu. Binti akiingia utawa, kuna nini? Isude alikuwa amekwisha kupoteza bwana, na sasa walikuja kumwomba mtoto.

Kilichofuata kinajulikana sana kule Wamba. Siku moja kamyo ilifika kwenye misheni ya Wamba kuchukua wasichana waliokubaliwa kwenda kuanza malezi ya utawa Bafwabaka. Anuarite hakuwa kwenye hesabu ya wale ambao wazazi wamewapa ruhusa. Hakuaga mtu. Alipanda katikati ya wenzake, akakaa kimya, na ile gari ikaondoka naye. Nyumbani walimtafuta. Zilipita siku ndipo mama akapata habari kwamba mtoto wake yuko Bafwabaka. Hapo Isude angeweza kwenda kumrudisha kwa nguvu, na watu wangempa haki. Hakufanya hivyo. Alikubali.

Tunajua wazazi wengine wakisoma hapa watakunja uso. Je, redio inafundisha watoto kukimbia nyumbani? Hapana. Ila tuseme ukweli: wako wasichana wengi ambao wanapanda gari kwa siri kwenda mjini, kwenda kwenye machimbo, kwenda kwa mwanaume aliyewadanganya kwa simu. Huyu alipanda gari kwa siri kwenda kusoma. Na kama mlango wa nyumbani ungekuwa wazi, asingejificha.

Bafwabaka ilikuwa nyumba ya shirika la masista wazalendo linaloitwa Jamaa Takatifu. Masista Wakongomani, wakiishi Kikongomani, ndani ya jimbo la Wamba. Kwa wakati ule hilo peke yake lilikuwa jambo. Wasichana walioingia pale walilima, walipika, walisali, na wale walioonekana kuweza walipelekwa mbele katika masomo ya ualimu.

Na hapa tuondoe picha ambayo wengine wanayo kichwani, ya mtakatifu anayezaliwa akijua kila kitu. Anuarite hakuwa wa kwanza kalasini. Masomo yalikuwa yanampa kazi. Wale waliosoma naye walimkumbuka kama mtu wa juhudi kuliko mtu wa akili nyepesi: anayerudia, anayeuliza, anayebaki na buku wakati wengine wamekwisha kulifunga. Tena hakuwa mtu baridi. Alikuwa na moyo wa kusikia mambo haraka, neno baya lilimuumiza, na uvivu wa wenzake ulimkasirisha. Kama kuna kazi ngumu imewekwa na kila mtu anaangalia pembeni, alikuwa anachukia, kisha anainuka kuifanya mwenyewe. Tabia hiyo haipendwi sana pale watu wanapoishi pamoja. Lakini kila mkurugenzi wa masomo ya msingi huku Kirumba anajua kwamba mwalimu wa namna hiyo ndiye anayefika saa moja kamili hata kama imenyesha usiku kucha na udongo unateleza.

Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake za kwanza. Akapata jina la ine, Marie-Clémentine. Siku hiyo wazazi wake walifika. Ndiyo, wote wawili, hata Amisi, yule aliyesema mabinti hawatoshi. Wakaleta zawadi ya mbuzi wawili. Kwa mtu wa kwetu hakuna haja ya kueleza maana ya mbuzi siku kama ile. Ni mali inayotolewa mbele ya watu, ili kila mmoja aone kwamba jamaa imekubali.

Alipata diploma ya kufundisha, akapewa watoto wa masomo ya msingi hapo Bafwabaka. Na kwa sababu nyumba ya masista haina mtu wa kazi moja, alikuwa pia anatayarisha kanisa, anapika, na anawaangalia wasichana waliokuwa wanalala pale bwenini. Anayejua maisha ya internati anaelewa: mwalimu wa mchana ndiye mama wa usiku. Mtoto mmoja ana homa, mwingine analia kwa kukumbuka nyumbani, mwingine ameibiwa sabuni. Kesho asubuhi wote wanakukuta mbele ya ubao, na unatakiwa uwe na uso wa mwalimu.

Hebu tufikiri kidogo kalasi yenyewe. Watoto wa msitu, wengi wao wazazi wao hawajui kusoma. Wasichana ambao nyumbani wanaitwa kila mara kwenda shamba, kwenda mtoni, kubeba mdogo mgongoni. Mbele yao anasimama mwanamke mweusi kama wao, aliyezaliwa Matali, binti wa mama aliyeachwa, na yeye ndiye anayeandika ubaoni. Binti wa Wabudu akisimama pale alikuwa ni somo peke yake, hata kabla hajafungua kinywa.

Halafu shida ya jamaa ikarudi. Isude, yule aliyekubali, alibadilisha mawazo. Maisha yalikuwa magumu. Binti yake sasa ana diploma, anafundisha, na kama angekuwa mwalimu wa kawaida angekuwa na mshahara wa kulisha nyumba. Mama akamwomba arudi, asaidie. Anuarite alikataa.

Kuhusu hili tunaweza kubishana mpaka usiku, na pengine mtabishana huko nyumbani. Wako watakaosema alifanya vizuri, alishika neno alilotoa. Wako watakaosema mtoto hamwachi mama yake kwenye shida. Mimi ninayeandika sina jibu moja. Ninaona tu kwamba swali hilo ndilo linalowasumbua walimu wengi vijana mpaka leo, wanaume na wanawake. Wanatoka seksio ya pedagojia na diploma mkononi, nyumbani kila mtu anangojea, na jina lao bado halijafika kwenye listi ya mishahara. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali yanasemwa ni ya bure, na wazazi walifurahi sana, sababu minervali ilikuwa inawashinda. Lakini mwalimu asiyelipwa na serikali, ambaye zamani aliishi kwa primu ya wazazi, yeye anakula wapi? Isude angeelewa swali hilo bila kuelezwa.

Tarehe 30 Juni 1960 uhuru ulifika. Inchi ikawa na bendera yake, lakini Wakongomani waliomaliza yunivasite walikuwa hawafiki hata ishirini, na katika hao hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Wanawake hawakuwa hata na haki ya kupiga kura; walipata haki hiyo mwaka 1967. Mwanamke Mkongomani wa kwanza kumaliza yunivasite ni Sophie Kanza, hapo Lovanium, Kinshasa, mwaka 1964. Miaka miwili baadaye akawa waziri, wa kwanza mwanamke. Tunamtaja makusudi. Sophie Kanza alizaliwa katika jamaa kubwa ya mjini, baba yake mwanasiasa anayejulikana. Anuarite alizaliwa msituni, baba yake akaondoka. Wote wawili ni wasichana wa kizazi kimoja, na mwaka ule mmoja, 1964, mmoja alipokea diploma yake ya juu Kinshasa, na mwingine aliuawa Isiro akiwa na diploma ya mwalimu wa watoto. Inchi hii imekuwa hivyo muda mrefu: mahali ulipozaliwa panahesabu kama vile akili uliyo nayo.

Basi tufike mwaka ule. Wazee wetu wanauita wakati wa Mulele, ijapokuwa Mulele mwenyewe alikuwa mbali, kule Kwilu. Huku mashariki walikuwa Simba. Mwanzoni mwa Agosti 1964 walichukua Stanleyville, Kisangani ya leo. Walifika pia Butembo na Beni, na wako bibi na babu katika vijiji vyetu waliolala porini miezi hiyo. Anayetaka kujua kwa nini wakubwa wengine wakisikia risasi wanachukua kwanza chumvi na kiberiti, awaulize.

Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli Kisangani. Tarehe 26 walishuka Paulis, ndiyo Isiro ya leo. Siku hiyo hiyo, huko Wamba, Simba walimuua askofu Joseph Wittebols. Wabelgiji waliwaokoa Wazungu waliowapata Paulis, kisha wakaondoka. Hawakubaki kulinda mtu mwingine. Simba wakarudi, na safari hii walikuwa na hasira. Wakongomani waliobaki, masista wazalendo wakiwa ndani, wakaachwa hapo katikati.

Tarehe 29 Novemba kamyo ya waasi ilisimama Bafwabaka. Waliamuru masista wote wapande, pamoja na wasichana waliokuwa bado katika malezi. Waliambiwa wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Anuarite alirudi ndani kuchukua sanamu ndogo ya Bikira Maria, akaitia mfukoni, akapanda. Kamyo ilimleta Bafwabaka, na kamyo ikamwondoa Bafwabaka. Kalasi ikabaki tupu.

Hawakupelekwa Wamba. Walifika Ibambi, na kutoka hapo, tarehe 30, wakageuzwa kwenda Isiro. Huko kolonele mmoja wa waasi, Ngalo, alimtaka Anuarite awe mwanamke wake. Alikataa. Walimtisha, walimpiga, wakamtenga na wenzake, akaendelea kukataa. Usiku, kolonele mwingine, Pierre Olombe, aliyekuwa ameagizwa kumlainisha, akamtaka kwa ajili yake mwenyewe. Akamwingiza kwa nguvu ndani ya gari pamoja na sista Bokuma Jean-Baptiste. Walipopigana naye alivunja mkono wa Bokuma, akampiga Anuarite kwa kitako cha bunduki, akaamuru askari wake wamchome, kisha akampiga risasi mwenyewe. Katikati ya mapigo, Anuarite alimwambia kwamba anamsamehe. Alikufa karibu saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Mwezi huo huo angetimiza miaka 25.

Hatuongezi kitu hapo. Wasichana na wamama wengi wa Kivu wamekutana na wanaume wenye bunduki, na hawahitaji redio iwaeleze. Tuseme tu neno moja, sababu tunajua linasemwa vibaya mahali pengine: Anuarite kuheshimiwa kwa kukataa hakumaanishi kwamba yule aliyeshindwa nguvu amekosa. Aliyekosa ni mwenye bunduki. Wote wawili, aliyeuawa na aliyebaki hai, wametendewa uovu ule ule.

Mwili wake ulizikwa bila heshima, pamoja na wengine. Baadaye ulitolewa, na leo kaburi lake liko ndani ya katedrali ya Isiro, ambapo watu wanafika kwa miguu, kwa pikipiki na kwa gari, kutoka mbali. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Kinshasa akamtangaza kuwa Mwenye heri, na mbele ya watu wote akamsamehe yule aliyemuua, kwa jina la Kanisa.

Tangu hapo jina lake limeenea. Liko kwenye parokia, kwenye vituo vya afya, kwenye kwaya, na zaidi ya yote kwenye masomo. Katika miji ya mashariki utalikuta limeandikwa kwa rangi juu ya geti, na chini yake wasichana wenye shati nyeupe na sketi ya bluu wanaingia asubuhi, wengine baba zao wapo, wengine hawapo, wengine wamehamia hapo juzi tu sababu kijiji chao kimechomwa. Wanakimbia, kengele imekwisha kulia. Jina lililoandikwa pale juu ni la dada yake, vile sista alivyokosea siku ya kuandikisha. Nengapeta hakurudi kulisahihisha.